Kuchagua kikatio cha maganda ya risasi za bunduki

Ganda la shaba linalojazwa baruti upya ili litumike tena hurefuka. Risasi inapolipuka, shaba husukumwa kuelekea mdomoni. Ukilirudisha umbo kwenye dai (kalibu ya chuma), kitufe cha kupanua shingo nacho hulivuta kinapotoka. Likizidi kipimo, mdomo wake hugota mwisho wa chemba na kukibana kichwa cha risasi. Kichwa kikichelewa kuachia, shinikizo la gesi hupanda: fataki (kidonge cha kuwashia baruti kitakoni) hubapa, boliti (komeo la bunduki) hugoma kufunguka, na hali ikiwa mbaya bunduki hupasuka. Kwa hiyo kukata maganda ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la shabaha.

Kwanza sheria. Tanzania, silaha na risasi husimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi kunahitaji idhini chini ya sheria hiyo. Leseni ya kumiliki bunduki peke yake haitoshi. Aliyepo Mwanza aulize Polisi, kwa wanaoshughulikia leseni za silaha, kabla hajatoa hata shilingi moja ya vifaa.

Wengi huanza kwa kuuliza kikatio kipi kina kasi. Swali la maana ni hili: kikatio kinapima urefu kuanzia wapi? Kuna vinavyopima kutoka kitakoni, na kuna vinavyopima kutoka begani, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni. Hapo ndipo vinapotofautiana, na hapo ndipo pesa hupotea.

Cha bei ndogo kuliko vyote ni kile cha kampuni ya Lee: kisu chenye pini ndefu inayopita kwenye tundu la fataki na kugota kwenye kishikio cha ganda. Urefu umeshawekwa kiwandani, kila aina ya risasi na pini yake, hakuna cha kurekebisha. Kwa mwenye bunduki moja ya .308 au .30-06 anayekata maganda machache, sioni sababu ya kutumia zaidi ya hapo. Ila angalia mambo mawili. Mulika tochi ndani ya ganda: lazima liwe na tundu moja katikati. Yenye matundu mawili ya pembeni, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya risasi za kijeshi, hayapitishi pini. Pili, ncha ya pini ikilika, kisu hushuka zaidi na maganda hutoka mafupi, na ganda fupi halirefushwi.

Kinachofuata ni kikatio cha mkono kinachofanana na kerezo dogo, kama cha Forster. Koleti (kibano cha mviringo) hushika kitako, pini ya kuongoza huingia shingoni, nawe unazungusha mpini. Kinakata karibu ganda lolote kwa kubadilisha pini na koleti tu. Pini lazima iteleze shingoni bila kucheza. Ikicheza, kisu hutetemeka na mdomo hutoka na mawimbi. Ukikosa pini ya saizi yako, fundi mzuri wa kerezo anaweza kukuchongea, mradi umpelekee ganda lililokwisha kurudishwa umbo. Udhaifu wake ni kitako kilichogongwa au chenye unene usio sawa: urefu nao hubadilika. Safisha koleti kila baada ya maganda machache.

Vya tatu ni vya kuzungushwa na drili au mota, vingi vikipima kutoka begani. Ni vya haraka sana, na kile cha Giraud hata huondoa ukali wa mdomo ndani na nje kwa mkupuo mmoja. Lakini vinataka maganda yote yawe yamepitia dai ileile, kwa mkao uleule. Unga wa shaba ukijikusanya begani, ganda haliingii hadi mwisho na linabaki refu. Jambo kubwa kwa wawindaji wa leseni wanaotoka Mwanza kuelekea Maswa na bunduki ya nyati: bega la .375 H&H ni jembamba, kama nusu milimita tu kila upande, kwa hiyo halitoi egemeo zuri. Ganda la .458 Winchester Magnum halina bega kabisa. Kwa hayo mawili chukua kikatio kinachopima kutoka kitakoni, bila kujadiliana. Tena cha mkono hakingoji umeme urudi.

Vipimo vya kushika, kwa milimita: .308 Winchester isizidi 51.18, ikate hadi 50.93. .30-06 isizidi 63.35, ikate hadi 63.09. .375 H&H isizidi 72.39, ikate hadi 72.14. .458 isizidi 63.50, ikate hadi 63.25. Pima baada ya kurudisha umbo, kamwe si kabla, maana dai lenyewe hurefusha.

Bila vernia (kipimio cha urefu chenye taya) ya kuaminika yote hayo ni kubahatisha. Kuipima vernia, nunua bearing mpya namba 6205 ya kiwanda kinachoaminika: kipenyo chake cha nje ni 52 mm, karibu kabisa na urefu wa ganda la .308. Ikisoma tofauti kwa zaidi ya 0.03, tafuta nyingine.

Kikatio kikifika, kijaribu kabla muda wa kukirudisha haujaisha. Kata maganda kumi ya aina moja, upime kila moja. Tofauti kati ya refu na fupi ikiwa ndani ya 0.05 mm, kiko vizuri. Ikizidi 0.10 hata baada ya kusafisha na kukaza skrubu, kirudishe. Kisha yasimamishe maganda kwenye kioo bapa, mdomo chini: linaloinama limekatwa upande.

Ukimaliza kukata, ondoa ukali wa mdomo ndani na nje kwa mizunguko miwili mitatu myepesi. Ukizidisha, mdomo unakuwa kama wembe na hupasuka mapema. Kung'uta unga wote wa shaba kutoka ndani ya ganda kabla ya baruti kukaribia meza. Visu vya chuma cha kawaida vipake mafuta mepesi kabla ya kuvihifadhi, kwa sababu unyevu wa ziwani huvila kutu. Vya kabaidi (madini magumu kuliko chuma) havisumbuki, na kama bei inaruhusu, ndivyo vya kununua.