Jinsi ya kumwona kitwitwi wa Andes bila kulikanyaga tindiga lake

Kitwitwi wa Andes (Phegornis mitchellii) ni ndege mdogo wa majini, sentimita 17 hadi 19 tu, na haonekani popote duniani isipokuwa kwenye matindiga ya milima ya Andes: Peru, Bolivia, Chile na Argentina. Chile wanamwita chorlito cordillerano. Wengi hurudi bila kumwona kwa sababu wanazunguka sana. Ndege huyu anataka ukae.

1. Chagua mahali. Kama hujazoea milima mirefu, anza na bwawa la Embalse El Yeso, milimani juu ya Santiago, Chile, kwenye mita 2,500 hivi. Nenda Desemba hadi Februari, theluji ikiwa imeondoka. Eneo la Marcapomacocha, Peru, liko juu zaidi, kupita mita 4,400, na barabara ya kutoka Lima inapita njia ya mlimani ya Ticlio kwenye mita 4,800 na ushei. Kutoka pwani hadi huko kwa siku moja ni hatari. Lala njiani kwanza. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usijikaze, teremka.

2. Soma maji. Usihangaike na ziwa wala mto wenye kasi. Tafuta bofedali, yaani tindiga la mlimani ambalo mimea yake, hasa Distichia, imebanana ikawa kama mito ya kulalia, na katikati yake vinapita vijito vyembamba. Unataka maji ya kina kifupi yanayotambaa polepole, yenye matope na kuvumwani pembeni. Pale mboji ilipochimbwa au maji yalipogeuzwa njia, tindiga hukauka, na ndege naye huondoka.

3. Kaa. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Keti juu ya jiwe ukingoni, jua likiwa mgongoni, kisha pitisha darubini kwenye kijito kimoja, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Ukimaliza, rudia. Safari yangu ya kwanza nilizunguka asubuhi nzima bure. Nilipochoka na kuketi, jiwe moja la kijivu likapiga hatua. Alikuwa pale muda wote. Michirizi myembamba ya kifua chake hufanana kabisa na viwimbi vya maji, kwa hiyo akisimama hupotea. Tafuta mwendo: hatua mbili tatu, kisha mdomo mrefu uliopinda kidogo unazama katikati ya kuvumwani na kutoka na mdudu.

4. Hakikisha. Kichwa ni cheusi, na utepe mweupe umekizunguka juu ya macho kama taji. Kisogo kina rangi ya kutu, miguu ni ya manjano iliyokolea. Makinda hawana taji hilo. Wao ni wa kahawia, na ni rahisi kuwadharau.

5. Mwachie nafasi. Mara nyingi hana woga, na ukitulia atakusogelea mwenyewe. Usimchezee sauti iliyorekodiwa. Akiacha kula na kukukazia macho, rudi nyuma: huenda kuna kiota karibu, mayai mawili ardhini yanayofanana na kokoto.

Ukiondoka, pita juu ya mawe au fuata nyayo zako ulizokuja nazo. Mimea ile hukua polepole mno, na alama ya buti hubaki muda mrefu.