Kabati la Nguo Lisilo na Wadudu Wala Vidonge vya Sumu

Mkazi wa Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja anamfahamu mdudu yule anayejikokota ukutani akiwa ndani ya kifuko bapa cha kijivu chenye umbo la mbegu ya boga. Kifuko hicho hakifiki urefu wa sentimita moja na nusu, kimefumwa kwa nyuzi za hariri anazozitoa mdudu mwenyewe na kupambwa kwa vumbi na chembe za mchanga, na kipo wazi pande zote mbili, kiasi kwamba kiwavi akikuta njia imezibwa hugeuka ndani kwa ndani na kutokeza kichwa upande wa pili. Huyo ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu, na chakula chake ni nywele zilizoanguka, utando wa buibui, wadudu waliokufa na nguo za sufu. Kumbandua ukutani na kumtupa ni sawa, lakini walio wengi hawako pale juu. Wapo nyuma ya kabati, kwenye vumbi ambalo ufagio haulifikii.

Wenzake kabatini ni watatu hivi, na inafaa kuwatofautisha kabla ya kuchukua hatua yoyote, kwa kuwa kila mmoja anafuata kitu chake. Nondo wa nguo mwenye rangi ya dhahabu iliyopauka hutaga mayai kwenye sufu, hariri na manyoya. Nondo mzima hali kitu, na matundu yote tunayoyaona kwenye suti au joho ni kazi ya viwavi wake. Yupo pia mdudu mwembamba asiye na mbawa, mwenye magamba ya rangi ya fedha na mikia mitatu, ambaye hupenda wanga, karatasi na gundi, na ndiye anayezikwangua kanga mpya ambazo bado zina wanga wa kiwandani pamoja na kanzu zilizotiwa wanga kabla ya kupigwa pasi. Wa tatu ni mende, ambaye hali nguo kwa kawaida, bali huzichafua kwa kinyesi na harufu yake, na mara nyingi huingia nyumbani akiwa yai lililobandikwa kwenye mikunjo ya boksi la dukani. Ukihifadhi nguo za msimu kwenye maboksi ya aina hiyo unamkaribisha, hivyo ni afadhali kutumia sanduku la bati au chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana.

Wengi huanza na harufu: karafuu, majani, mafuta ya kunukia. Kwa maoni yangu huko ndiko kunakostahili kuja mwisho, kwa sababu harufu humzuia nondo aliye nje asiingie, lakini haimwondoi kiwavi ambaye tayari yumo ndani ya mshono wa koti na ana chakula cha kutosha. Kazi ya kwanza ni kukitoa kila kitu kabatini, hadi shuka la chini kabisa, na kuifanya siku yenye jua kali. Kwa watu wa pwani, miezi ya Januari na Februari, kabla masika hayajaingia, ndiyo yenye manufaa zaidi. Nguo zote zilizowahi kuvaliwa zifuliwe hata kama zinaonekana safi, kwa kuwa jasho na matone ya chakula huwavutia viwavi, na ndiyo sababu hata shati la pamba, ambalo kwa kawaida hawalijali, hukutwa limetobolewa kwapani au kifuani.

Zianikwe juani, zikung'utwe, kisha zipigwe pasi ya moto hasa kwenye mishono, kola na mifuko, kwa sababu joto la pasi huua mayai ambayo macho hayayaoni. Pasi ina faida nyingine katika nchi zetu: yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini mchangani, na mabuu wake hupenya ngozini na kusababisha uvimbe unaofanana na jipu, kwa hiyo hata nguo za ndani na nepi zinastahili kupigwa pasi. Hariri na nguo zenye rangi nyepesi kupauka zigeuzwe ndani nje na zisikae juani muda mrefu.

Sufu isiyostahimili maji ya moto wala pasi kali ina njia yake. Huko Nairobi, Arusha na Iringa, ambako masweta na mablanketi ya sufu ni vitu vya kila siku, mwenye friza anaweza kuitia nguo katika mfuko wa plastiki, akautoa hewa, akaufunga vizuri na kuuacha kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima. Umeme ukikatika kwa saa nyingi katikati, hesabu ianze upya. Mfuko ukishatolewa usifunguliwe mpaka nguo irudie joto la chumba, la sivyo unyevu utatua juu ya kitambaa na kuleta ukungu.

Wakati nguo zipo nje, kabati lenyewe lishughulikiwe. Livute kutoka ukutani, ufagie nyuma na chini yake, kisha upitishe kitambaa chenye maji na siki kidogo kwenye pembe, kwenye maungio ya rafu na kwenye reli za droo, na uliache wazi mpaka likauke kabisa. Unaporudisha, usiligandamize ukutani. Acha nafasi ya sentimita tano au zaidi ili hewa ipite, na liinue juu ya miguu au vipande vya mbao ili usipoteze njia ya ufagio. Kabati lililojengewa ndani ya ukuta unaopakana na bafu ndilo gumu kuliko yote, kwani ukuta wenyewe hutoa unyevu, na mdudu wa magamba ya fedha hustawi panapokuwa na unyevu mwingi. Hapo rangi mpya haisaidii kitu kabla bomba linalovuja halijatengenezwa. Matundu yanayopitisha mabomba na nyaya yazibwe kwa saruji, na kwa kuwa panya mdogo hupenya kwenye upenyo wa milimita sita tu, shindilia kwanza waya wa kusugulia sufuria, ambao hautafuni kwa urahisi.

Mkaa wa kawaida ukiwekwa kwenye kikapu kidogo chini ya kabati hufyonza unyevu kiasi, lakini hujaa haraka, na usipouanika juani kila baada ya wiki chache unabaki kuwa pambo. Kufungua milango ya kabati kila asubuhi dirisha likiwa wazi kunafanya kazi kubwa zaidi, isipokuwa siku za mvua.

Sasa ndipo harufu inapopata nafasi yake. Karafuu inafaa kwa sababu ya mafuta yake makali, na ubora wake unapimwa kwa kuibonyeza kwa ukucha: nzuri huacha alama ya mafuta, kavu mno huvunjika tu. Anayeishi Unguja au Pemba anaweza kutumia makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa, ambayo nayo yana mafuta na bei yake ni nafuu. Funga kiasi cha kijiko kikubwa kwenye kitambaa cha pamba kwa kila rafu, wala usizimwage moja kwa moja juu ya nguo nyeupe, kwani huacha madoa. Badilisha kila baada ya miezi miwili au mitatu, au mara tu unapofungua mlango bila kusikia harufu. Majani ya mwarobaini yakaushwe kivulini mpaka yakatike kwa mlio, kwa kuwa majani mabichi huingiza unyevu ule ule tuliohangaika kuutoa. Kwa watu wa bara, maranda ya mtarakwa, ambao Tanzania huitwa mwangati, hupatikana kwa mafundi seremala. Yakipoteza harufu, badilisha, na kama ni kipande cha ubao, kipigwe msasa kidogo ili mafuta yatokeze upya.

Kufukiza nguo kwa udi ni desturi nzuri, na nguo hupata harufu isiyopatikana dukani, ila moshi huo si kinga ya kutegemewa dhidi ya viwavi. Nguo zifukizwe nje ya kabati, chetezo kikiwa mbali na kitambaa, na kamwe makaa yasiingizwe ndani ya kabati.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyouzwa sokoni havina budi kuachwa, hasa katika nyumba yenye mtoto mchanga. Mvuke wake hubaki kwenye nguo, na mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, anaweza kuharibikiwa na chembe nyekundu za damu na kupata manjano kwa kufunikwa tu na blanketi lililohifadhiwa navyo. Kafuri nayo, ingawa hutoka mtini, ni sumu ikimezwa na inaweza kumletea mtoto degedege. Ukiitumia, iwe rafu ya juu kabisa na ndani ya mfuko ulioshonwa.

Baada ya hapo lililobaki ni ukaguzi wa mara moja kwa mwezi. Angalia kwapa za makoti, upande wa chini wa kola na kona za droo kwa kurunzi, ukitafuta vifuko, nyuzi za utando au punje ndogo zenye rangi ya nguo yenyewe, ambazo ni kinyesi cha viwavi. Unga laini wa mbao chini ya kabati ni dalili ya bungua, na njia ya udongo inayopanda ukutani ni ya mchwa. Hao hawafuati nguo bali kabati, na karafuu haitawafanya lolote, kwa hiyo mwite fundi aukague ubao na ukuta mapema.