Kujaza fomu za mtandaoni bila kipanya

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba, yaani maduka ya intaneti, za katikati ya Nairobi hujaa watu wa ritani za kodi, maana KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hufunga dirisha tarehe 30. Foleni ikiwa ndefu, mkono unaokimbilia kipanya kila dakika ndio unaokuchelewesha. Hatua hizi nilimpa kijana wa zamu ya jioni. Ni za Windows.

1. Fungua dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwa Chrome, Ctrl+Shift+P kwa Firefox.

2. Ctrl+L, andika anwani, Enter. Kuna wanaosifia Ctrl+Enter, lakini hiyo huongeza .com, na sisi kutwa tunashinda kwenye .go.ke, anwani za serikali ya Kenya.

3. Sasa fomu yenyewe. Tab hukupeleka mbele, Shift+Tab hukurudisha, Space hutia tiki. Enter usiiguse kabla hujamaliza, kwani fomu nyingi hujituma hapo hapo, nusu zikiwa tupu. Orodha ya kaunti 47 nayo usiiteremke moja moja. Ukiifikia, andika "nak" na Nakuru itajichagua. Andika upesi! Ukisita baada ya "na", ile "k" itahesabiwa kama mwanzo mpya, ujikute Kajiado, na mteja aje kugundua akiwa keshafika steji. Kwa hiyo soma kilichochaguliwa kabla ya kubonyeza Tab. Tena kuna tovuti zilizojiundia orodha zao zisizosikia herufi kabisa. Jaribu mshale wa chini, na ukigoma, shika kipanya yaishe.

4. Kutafuta neno kwenye ukurasa ni Ctrl+F. Kwa Firefox, alama ya / inatosha.

5. Ctrl+W hufunga kichupo, Ctrl+Shift+T hukirudisha. Katika dirisha la faragha la Chrome hakirudi, na hiyo ndiyo sababu mimi ni mtu wa Firefox. Hata kikirudi, usitegemee kukuta ulichokuwa umejaza.

6. Mteja akimaliza, chapisha risiti kwa Ctrl+P, toka kwenye akaunti yake, kisha Ctrl+Shift+W. Angalia pia kama kuna dirisha jingine la faragha lililobaki wazi nyuma. Madirisha hayo hutumia kuki zilezile, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hukutambulia kwazo, kwa hiyo kama hukutoka kwenye akaunti, mteja anayefuata ataingia tovuti ileile akaribishwe kwa jina la mwenzake.