Laptopu inayosahau saa kila inapowashwa: jinsi ya kutafuta chanzo kabla ya kununua betri

Kompyuta mpakato inayosahau tarehe kila inapowashwa huleta usumbufu ambao watumiaji wengi hawauhusishi na saa. Kivinjari hukataa kufungua tovuti ya benki na kudai kwamba muunganisho si salama, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti hiyo kina tarehe ya kuanza na ya kuisha kutumika, na kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2012 hukiona cheti hicho kuwa hakijaanza kazi. Mafundi wengi wakisikia malalamiko hayo hukimbilia kubadilisha betri ndogo ya bodi mama (sahani kuu ya saketi za kompyuta), na mara nyingi huwa wamepatia. Hata hivyo, kufungua laptopu ni kazi yenye hatari zake, kwa hiyo ni vyema kwanza kupima ukubwa wa kosa lenyewe, maana tofauti iliyopo kati ya saa ya kompyuta na saa halisi huonyesha chanzo kwa uhakika mkubwa.

Ndani ya laptopu mna saa mbili. Ya kwanza imo kwenye bodi mama, huongozwa na fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na huendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa, kwa kawaida kwa umeme wa ile betri ndogo. Ya pili hutunzwa na mfumo endeshi, yaani Windows au Linux, ambao huisoma ile ya kwanza wakati wa kuwaka, kisha hujirekebisha kupitia intaneti. Kosa linaweza kuwa katika saa yoyote kati ya hizo.

Ikiwa kompyuta imekosea kwa saa kamili, huku dakika zikiwa sahihi, betri haina hatia. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC na haibadilishi saa kwa misimu, hivyo kosa la saa 3 kamili katika mashine yenye Windows na Linux kwa pamoja lina maelezo ya moja kwa moja: Linux huandika saa ya UTC kwenye bodi, ilhali Windows huichukulia saa hiyo kuwa ya mahali ulipo. Tiba ni kuandika amri timedatectl set-local-rtc 1 upande wa Linux, kisha kurekebisha saa mara moja. Kompyuta iliyo nyuma kwa saa 10 au 11 huenda bado imewekwa kwenye majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, jambo la kawaida kwa Windows iliyosakinishwa haraka dukani. Chagua majira ya Nairobi katika mipangilio ya tarehe na tatizo litakwisha.

Kosa la miaka, au saa inayosimama pale pale ulipozima mashine jana jioni, ni jambo jingine. Ili kuthibitisha, rekebisha saa, kisha zima kompyuta huku umebonyeza kitufe cha Shift, kwa kuwa Windows ya kisasa mara nyingi haizimi mashine kikamilifu bila hivyo. Chomoa chaja na uiache hadi asubuhi. Unapoiwasha, usiiache ifike kwenye Windows: bonyeza F2, au F10 kwa laptopu nyingi za HP, au F1 kwa ThinkPad, uingie katika BIOS, yaani programu ya msingi ya bodi mama inayotangulia Windows, na kusoma saa humo, kabla intaneti haijaificha kasoro. Rudia jaribio hilo usiku mwingine chaja ikiwa imechomekwa. Ikiwa saa hupotea chaja inapochomolewa tu, chanzo ni umeme wa akiba, yaani betri. Saa ya BIOS ikiwa sahihi huku ya Windows ikiwa na kosa, bisibisi haihitajiki.

Hapa laptopu zetu za mitumba zina shida yake. Nyingi hufika betri kubwa ikiwa imekufa, na mwenyewe huitumia kwa chaja tu. Umeme ukikatika au chaja ikichomolewa, saa hubaki ikitegemea ile betri ndogo peke yake, nayo huisha mapema. Baadhi ya laptopu mpya hazina kabisa betri ndogo na hutunza saa kwa betri kubwa, kwa hiyo kwa mashine hizo tiba ni betri kubwa. Tafuta kitabu cha huduma cha modeli yako kabla ya kufungua chochote.

Betri ndogo iliyozoeleka ni CR2032 ya volti 3, yenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Usikubali CR2025 wala CR2016 kwa kuambiwa kwamba volti ni zile zile, kwani ni nyembamba na hulegea katika kishikizo. Laptopu nyingi huwa na betri iliyofungwa kwa plastiki pamoja na nyaya mbili na plagi ndogo; nunua iliyo tayari hivyo, maana kuchomea waya moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu kunaweza kuipasua. Betri ya zamani ikiwa imeandikwa ML au VL, ni ya kuchajiwa, na CR haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kabla ya kuitoa, piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, kwa sababu mipangilio yote inaweza kurudi ya kiwandani, na mabadiliko katika namna ya kusoma diski yanaweza kuizuia Windows isiwake. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data kwa msimbo, simamisha kinga hiyo kwa muda na uhifadhi nje ya kompyuta ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo unaweza kupoteza mafaili yako kwa ajili ya betri ya bei ndogo. Kisha chomoa chaja, tenganisha betri kubwa, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, na ubadilishe. Iliyotolewa iwekwe mbali na watoto mara moja: ikimezwa huunguza koo ndani ya saa 2.

Baada ya kuifunga, weka tarehe katika BIOS kwa mkono. Windows ya nyumbani hukataa kujirekebisha yenyewe ikiwa imepishana na saa ya intaneti kwa zaidi ya saa 15, na hii ndiyo sababu watu hulalamika kwamba usawazishaji haufanyi kazi. Tarehe ikishakuwa karibu na sahihi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net start w32time na kisha w32tm /resync.

Betri mpya ikiisha ndani ya wiki chache, usinunue ya tatu. Bodi inavuja umeme, mara nyingi kwa sababu ya kimiminika kilichomwagika, na hiyo ni kazi ya fundi wa bodi mwenye mita na darubini.