Kuingiza mwongozo wa kiharusi wodini: anzeni na bega

Miongozo ya kumhudumia mgonjwa wa kiharusi ni mirefu, na ikikaa kabatini haimfai mtu. Mimi ni mfiziotherapia, na wodini kwetu tulianza hivi.

Hatua ya 1. Chagueni jambo moja tu. Sisi tulichagua bega la upande uliopooza. Misuli ikilegea, mkono huning'inia na kulivuta bega chini. Mgonjwa akiinuliwa kwa kuvutwa mkono au kubebwa kwapani, bega linaumia, na maumivu hayo huweza kumkalia miezi.

Hatua ya 2. Tazameni kabla ya kufundisha. Asubuhi moja, vitanda vikitandikwa, nilisimama na daftari nikahesabu. Karibu kila aliyeinuliwa alivutwa mkono, na aliyemvuta mara nyingi alikuwa mwanawe au dada yake. Nilizoea kuwafundisha wauguzi. Ndugu, wanaoshinda na mgonjwa, sikuwa nimewaambia kitu. Hilo liliniuma.

Hatua ya 3. Fundisheni kwa vitendo, kando ya kitanda. Mgonjwa alalie ubavu wa upande usiopooza, miguu ishushwe chini. Mkono wako mmoja ushike nyuma ya bega lililopooza, mwingine nyonga. “Mama, jisukume kwa kiwiko. Moja, mbili, tatu.” Akishakaa, mkono uliopooza ulazwe juu ya mto. Kisha ndugu afanye mwenyewe mbele yako, mara tatu. Ukimwuliza kama ameelewa atakujibu “ndiyo, daktari” kwa heshima tu, kwa hiyo amini mikono yake.

Hatua ya 4. Fungeni kitambaa kwenye reli ya kitanda, upande uliopooza, ili hata muuguzi wa zamu ya usiku ajue.

Hatua ya 5. Kila wiki hesabuni tena, saa ileile, na tarakimu isomwe wakati wa kukabidhiana zamu.

Hatua ya 6. Bega likishazoeleka, ongezeni jambo la pili: kupima umezaji kabla mgonjwa hajapewa maji, uji wala vidonge, asije akapaliwa. La tatu ni kumwinua kitandani, na hapo msikimbilie. Utafiti wa AVERT wa 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba waliofanyishwa mazoezi mengi ya kuinuka, kuanzia ndani ya saa 24 za mwanzo, hawakupata nafuu nzuri kama waliohudumiwa kwa kawaida. Siku hizo za kwanza, mkalisheni kwa muda mfupi, kisha apumzike.