Namna ya Kuandaa Maandamano ya Mishumaa ya Bikira Maria Parokiani

Maandamano ya usiku ya Rozari na mishumaa yanafahamika zaidi kwa Lourdes, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako Bernadette Soubirous alitokewa na Bikira Maria mara 18 mwaka 1858, na ambako binti huyo mwenyewe alizoea kwenda pangoni akiwa na mshumaa unaowaka. Parokia ya Dar es Salaam inayotaka kuyafanya mwishoni mwa Mei au katika Oktoba, baada ya jumuiya ndogondogo za waamini kusali Rozari nyumba kwa nyumba, haihitaji gharama kubwa, ila inahitaji kuyapanga kuanzia mkiani. Kamati nyingi hutumia nguvu zote mbele, kwenye msalaba, sanamu na kwaya, na matokeo yake wazee na akina mama wenye watoto walioko nyuma hutembea bila kusikia sala, hata ibada ikawa kwao matembezi ya kawaida.

Tarehe ipangwe na paroko pamoja na kamati ya liturujia. Mei 31, sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, inafaa sana, na kwa Oktoba wengi hupenda tarehe 13, siku Bikira Maria alipotokea mara ya mwisho Fatima, Ureno, mwaka 1917. Baada ya hapo iandikwe barua kwa polisi. Sheria inataka taarifa ya maandishi isiyopungua saa 48 kabla ya maandamano, lakini ni busara kuipeleka wiki mbili mapema, ikiwa na muhuri wa parokia, njia itakayopitwa, saa ya kuanza na kumaliza, pamoja na namba za simu za wasimamizi. Nakala ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua barabara ipi imechimbwa kwa ajili ya mabomba na wapi kuna turubai la msiba lililofunga njia.

Katika miezi hiyo miwili jua la Dar es Salaam huzama karibu saa 12:15 jioni. Waamini wakikusanyika saa 12:00 na msalaba ukaondoka saa 12:40, adhana ya Magharibi itakuwa imekwisha, giza litakuwa limeingia, na mtamaliza kabla ya saa 2:00 usiku, wakati daladala bado zipo. Kama njia inapita karibu na msikiti, wajumbe wawili waende mapema kuzungumza na viongozi wake, na spika zizimwe mnapopita hapo, hasa ikikaribia sala ya Isha. Rozari inasalika vizuri kimyakimya, na ujirani mwema ni sehemu ya ushuhuda wetu.

Njia ikaguliwe usiku, kwa saa ileile ya maandamano, kwa sababu mchana hauonyeshi mtaro usio na mfuniko wala kona ambayo bodaboda hutokea kwa kasi. Mkaguzi mmoja abebe mti wenye urefu sawa na sanamu ikiwa mabegani mwa wabebaji, ili nyaya za umeme zilizolegea zijulikane mapema. Kilomita moja hadi moja na nusu inatosha.

Sasa tuje kwenye mkia. Watu 400 wakitembea wawili wawili, na kila safu ikichukua mita moja, msafara utafika mita 200, na sauti itachukua zaidi ya nusu sekunde kutoka mbele hadi nyuma. Ndiyo maana mbele wanakuwa wameshaanza “Mtakatifu Maria” huku nyuma wakimalizia “Salamu Maria”, na nyimbo zinagongana. Wapange wanne wanne, msafara upungue hadi mita 100, kisha muweke spika ya pili ya betri katikati, juu ya toroli la kusukuma kwa mkono, ikipokea sauti ya maikrofoni ileile ya kiongozi wa sala. Jenereta halifai hata kidogo, kwani mngurumo wake huua sala ya wote walio karibu nalo. Msimamizi mmoja mwenye kizibao kinachoakisi mwanga atembee nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, na mbeba msalaba asiondoke kwenye kituo chochote kabla huyo hajatoa ishara ya tochi.

Vituo viwe vitano, kimoja kwa kila tendo la Rozari, na kila kituo kikabidhiwe jumuiya iliyo karibu iandae meza ndogo yenye kitambaa, maua na mshumaa. Mwongozo wa Vatikano wa mwaka 2001 kuhusu ibada za watu unashauri vituo vya namna hiyo, na unaonya maandamano yasigeuke maonyesho. Matendo yafuate siku: Jumamosi ya Furaha, Jumapili ya Utukufu, Alhamisi ya Mwanga, yale yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002.

Kuhusu moto, sipendekezi mienge ya mafuta ya taa kwa umati. Miwili inatosha, kando ya msalaba, ikibebwa na vijana wazima wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, waliovaa nguo za pamba, na mwingine afuate nyuma yao na ndoo ya mchanga. Waamini wabebe mishumaa. Kikinga-upepo kitengenezwe kwa karatasi ngumu iliyokunjwa kama bakuli, ikatobolewa katikati kwa msalaba mdogo wa wembe ili mshumaa ushikwe na zile ncha nne, na ukingo wake upite utambi kwa vidole viwili. Chupa ya maji iliyokatwa huonekana rahisi, lakini plastiki huyeyuka na kumwagikia mkono. Wakati wa kuwasha, mshumaa unaowaka ubaki wima na ule usiowaka ndio uinamishwe, la sivyo nta iliyoyeyuka itamwagika kwenye kitenge cha jirani. Mitandio ifungwe nyuma, na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, wapewe taa ndogo za betri.

Sanamu itembee katikati ya msafara pamoja na kwaya, ili walio nyuma nao waione. Wabebaji wanne wawe na kimo kinacholingana, na wengine wanne wawe tayari kuwapokea kituo cha tatu. Mvua ikinyesha, Rozari isaliwe kanisani kwa kuzunguka ndani.

Mkirudi, mbeba msalaba asiingie peke yake kanisani. Asubiri mlangoni hadi msimamizi wa mwisho afike, ndipo litania iimbwe na padre atoe baraka. Mishumaa izimwe hapohapo uwanjani, vipande vikusanywe kwenye ndoo, na kila jumuiya iondoke pamoja, viongozi wakihakikisha wazee wamefikishwa nyumbani.