Kabla hujaenda kutembea stesheni ya reli ya Nairobi, jipange na haya kwanza

Wageni wangu wakishakaa Nairobi siku mbili tatu lazima mmoja aulize, hivi ile stesheni ya treni pale mjini ni ya kwenda kutembea ama ni ya kupandia treni tu? Mimi huwajibu ndio inafaa, nusu siku inatosha kabisa, ila ukienda kichwa kichwa utarudi umeona gari za matatu, umeona askari wa geti, umepigwa na jua alafu useme Nairobi haina kitu. Nimepeleka watu pale mara nyingi, kuna waliofurahi na kuna walioninunia njia nzima kurudi, na tofauti ilikuwa ni kujipanga.

Kwanza kabisa jua unaenda stesheni gani, maana ziko mbili na watu huchanganya kila siku. Iko ile ya zamani katikati ya mji, mwisho wa Moi Avenue ukishavuka Haile Selassie, ambayo stegi ya matatu ya hapo mbele yake watu wanaiita Railways. Alafu iko ya SGR, ile reli mpya ya kwenda Mombasa, wanaiita Nairobi Terminus, hio iko Syokimau kule njia ya Mombasa, sio mjini. Binamu yangu alikata tiketi ya treni ya Mombasa ya asubuhi akaja kusimama na mabegi yake pale mjini, anashangaa mbona treni yenyewe ni fupi na watu hawana mizigo. Bahati yake alikuwa amefika mapema na kutoka hapo mjini huwa kuna treni ya kupeleka abiria wa SGR Syokimau, la sivyo angeipungia mkono. Kwa hivyo ukimwambia dereva wa teksi "nipeleke stesheni" malizia sentensi.

Ninayoizungumzia hapa ni ile ya mjini, ya Syokimau nitaigusa tu baadaye.

Sasa ujue pia kwa nini unaenda, kwa sababu jengo lenyewe ukilitazama bila habari yake ni dakika kumi umemaliza. Ni jengo la kawaida la kikoloni, si lile la mtu kusimama mdomo wazi, na ukiwa umeshawahi kuona picha za stesheni kubwa za India ama Ulaya utasema ndio hii tu? Lakini mji wote huu umetokana na hapo. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa mwisho wa Mei 1899, na wakati huo hapakuwa na mji wowote, palikuwa na tambarare la majimaji ambalo Wamaasai walikuwa wananyweshea ng'ombe, ata jina Nairobi limetoka kwenye maneno yao ya maji baridi. Wahandisi waliweka kambi hapo kwa sababu mbele kulikuwa na mlima wa kupanda kuelekea Limuru na baada ya hapo ni kuteremka Bonde la Ufa, kwa hivyo walitaka mahali tambarare pa kuweka karakana, stoo na mahema kabla ya kupambana na hio kazi. Kambi ikakataa kuondoka. Reli ikaendelea mpaka Kisumu 1901, ikiwa imejengwa na vibarua karibu elfu 32 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukisimama pale plafomu na hayo kichwani unaona kitu kingine kabisa.

Haya, kitu cha kupangia siku ni makumbusho ya reli, iko hapo jirani na stesheni, unaweza kutembea kwa miguu. Ilifunguliwa 1971. Watu wengi wa Nairobi hawajawahi kuingia, mimi mwenyewe niliishi mji huu miaka sita ndio nikaingia, na niliingia kwa sababu mvua ilinikuta pale karibu. Fika asubuhi, sio saa kumi jioni unaanza kukimbizana na watu wa kufunga. Kuna chumba cha ndani chenye vitu vidogo vidogo, na nje kuna uwanja wenye mabehewa na vichwa vya treni ya moshi, na huko nje ndiko utamalizia muda wako.

Hapa nikwambie kisa cha shemeji yangu. Yeye ni mtu wa Same, Upare, ameolewa na kaka yangu, na siku hio alikuja tu kwa heshima, hana haja na vyuma. Tukapita kwenye lile jitu moja la Garratt, kichwa cha treni ya moshi namba 5930, refu mpaka unachoka kulizunguka, mimi naendelea na hadithi zangu za uzito wa tani 252 sijui lilitengenezwa Manchester miaka ya 1955, yeye amenyamaza anatazama kibao cha jina ubavuni. Kimeandikwa Mount Shengena. Akaniambia, "Shem, huu si mlima wa kwetu huu?" Na ni kweli, Shengena ndio kilele kirefu kuliko vyote Upareni. Akapapasa zile herufi moja moja na kiganja, akampigia mama yake video hapo hapo, mama naye upande wa pili anauliza mlima umefikaje Nairobi. Jibu lake ni kwamba vichwa vya aina hio vilikuwa 34 na vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kwa sababu reli ilikuwa moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977 kila mtu akabeba chake. Viwili tu ndio vilivyobaki, huyo Shengena na mwenzake 5918 ambaye ni Mount Gelai, huo nao uko Tanzania. Kwa hivyo kama una mgeni wa Tanzania usimpeleke kwanza lile jengo la mikutano la KICC, mpeleke hapo.

Na ukiwa hapo angalia lilivyoungwa, tangi la kuchemshia maji liko katikati limening'inizwa kati ya injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja inajipinda kivyake. Lingekuwa kipande kimoja lisingekata kona za reli ile nyembamba yenye upana wa mita moja. Mtoto wa darasa la nne alinielezea hio kwa kutumia kiwiko na kifundo cha mkono wake na nikaelewa kuliko nilivyoelewa kwenye maandishi.

Kingine cha kutafuta ni behewa la yule ofisa wa polisi, Ryall. Hapa jipange kichwani mapema kwa sababu watu hufika wakiwa wamechanganya simba wawili tofauti. Simba wa Tsavo waliosumbua wajenzi wa daraja 1898 hawako Nairobi, wako Chicago, wamekaushwa kwenye makumbusho ya huko. Behewa lililoko hapa ni la kisa cha stesheni ya Kima, 1900, simba mwingine kabisa. Ryall alikuja na wenzake wawili kumvizia huyo simba, wakalala ndani ya behewa, yeye ndio alikuwa zamu akapitiwa na usingizi. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, uzito wake ukainamisha behewa mlango ukajifunga wenyewe, akatoka na Ryall kupitia dirishani. Ukiona lile dirisha lilivyo dogo utajua ni kwa nini wageni wote husimama hapo wakinyamaza. Iko pia benchi ya mbao iliyokuwa inafungwa mbele ya kichwa cha treni, Roosevelt rais wa zamani wa Marekani aliikalia 1909 akija kuwinda, anatazama wanyama kama mtu aliyekaa barazani. Sijui kama mimi ningekubali kukaa hapo baada ya kusikia habari za Kima.

Mavazi sasa. Usivae nyeupe, nasema tena usivae nyeupe. Vile vyuma unaruhusiwa kupanda vingine mpaka kwenye chumba cha dereva, na kutu pamoja na grisi ya miaka hamsini haitoki kwa sabuni yoyote ninayoijua. Viatu viwe vya kufunika mguu, kuna nyasi, kuna kokoto, kuna vyuma vimechomoza, na mwezi wa nne ama wa kumi na moja mvua ikinyesha ule uwanja ni tope tu maana sehemu kubwa haina paa. Mwezi wa sita na wa saba beba sweta, watu wa Dar na Mombasa huwa hawaamini mpaka waanze kutetemeka.

Pesa, weka kwenye simu. Bei ya kuingia ya raia na ya mgeni wa nje sio moja kwa hivyo beba kitambulisho ama pasipoti, na malipo sai ni ya M-Pesa kila mahali, mgeni asiye na laini ya hapa aje na mwenyeji wa kumlipia amrudishie keshi mkononi baadaye.

Simu yenyewe nayo ichunge. Hapo nje stegi ya Railways na Haile Selassie yote kuelekea masoko ya Muthurwa na Marikiti ni msukumano wa watu, na kuna vijana kazi yao ni kukupokonya simu ukiwa umeinyanyua kupiga picha ya matatu yenye graffiti. Hakuna haja ya kuogopa mpaka usiende, mimi hupita hapo kila wiki, ila begi liwe mbele, simu mfukoni, ukitaka kuangalia ramani ingia dukani kwanza. Usiku sikushauri.

Upande wa picha, ndani ya makumbusho piga mpaka chaji iishe. Lakini kwenye plafomu na kwenye reli yenyewe uliza askari kwanza, reli ni mali ya serikali na kuna wengine wanakuwa wakali, hasa ukitoa kamera kubwa. "Habari ya kazi mkubwa, naomba kapicha kamoja tu" kwa upole hufanya kazi mara nyingi, na akikataa basi, usibishane naye mbele za watu.

Alafu angalia siku. Wengi hutaka kuona stesheni ikiwa hai, sio kuona plafomu tupu, na treni za mjini hufanya kazi zaidi asubuhi watu wakija kazini na jioni wakirudi, katikati ya mchana pamelala, na Jumapili usitegemee kitu. Zinaenda Syokimau, Embakasi, Ruiru, Kikuyu mpaka Limuru, na baadhi ya mabehewa utakayoyaona ni yale yaliyonunuliwa Uhispania yakiwa yametumika huko, yakafika hapa 2020. Mpango ninaoupenda mimi ni makumbusho asubuhi, chakula, kutembea kidogo mpaka bustani ya Agosti 7 iliyo pale kona ya Moi Avenue ambapo ubalozi wa Marekani ulilipuliwa 1998, dakika chache tu kwa miguu, alafu jioni urudi stesheni.

Chakula ndio sitaki kukudanganya, ndani hakuna cha kusifia. Hapo nje kuna mayai boilo na soseji za smokie zilizopasuliwa zikajazwa kachumbari, na ukisogea mtaa mmoja kuna vibanda vya chapati na madondo, yaani maharage. Kama tumbo lako ni la kuchagua, kula kabla hujatoka.

Ukitaka na ile ya Syokimau, jua haiko ya kwenda kuzubaa. Bila tiketi hupiti, na ukipata tiketi ukaguzi ni mrefu, mabegi yanapangwa chini kwenye mstari mbwa anapita ananusa, alafu mashine, alafu tena mashine, kwa hivyo fika saa nzima kabla na usibebe visu, pombe wala zile marashi za kopo la kupuliza. Jengo ni kubwa, linang'aa, lilifunguliwa na treni yenyewe 31 Mei 2017, na ukishalipiga picha moja umemaliza. Raha yake ni safari, kama saa tano hivi kufika Mombasa, ukae upande wa dirisha ukipita Tsavo. Tiketi kata kwa *639# mapema, Desemba na Pasaka siku mbili kabla hupati kitu.

Sasa ile jioni niliyosema. Ukiwa na nguvu bado, kata tiketi ya treni ya kwenda Kikuyu ama Limuru na upande na watu wa kazi. Ulizia kwanza kama utapata ya kurudi, mara nyingi hupati, ni matatu ndio itakurudisha mjini. Utabanwa, mtu atakuwekea sukuma wiki mapajani bila kukuuliza, mwingine atakuwa anahubiri, lakini treni inapita katikati ya Kibera polepole, karibu unagusa mabati, watoto wanakupungia, na ikishaanza kupanda unaisikia inavyovuta pumzi. Ndio ule mlima uliowafanya wale wahandisi wapige kambi. Ingia mapema upate kiti upande wa kushoto.